Damu Iliyoandikwa Jina la Haji

Kabla ya siku ile Haji Shawadfi alipomtuma mume wangu akatolewe damu kwa niaba yake, mimi nilikuwa mwanamke mpole. Msicheke. Waulizeni majirani wa upande wa mfereji, watawaambia Tafida alikuwa anasalimia hata bata.

Haji Shawadfi ni baba mkwe wangu. Tunakaa nyumba moja, yeye chini, sisi juu, kama familia zote za huku kwetu nje ya Mansura. Mzee anajenga chini, mwana anajenga juu ya kichwa cha baba yake, halafu mke wa mwana anapanda na kushuka ngazi na sinia za chai mpaka magoti yanalia. Mkewe alipofariki, Haji hakuosha hata gilasi moja. Kwa hiyo aliposema anataka kuoa tena, nilipiga vigelegele mimi mwenyewe. Nilisema moyoni, heri, aje mwingine azipande ngazi hizi.

Mwanamke mwenyewe ni Inshirahi, mjane wa ng'ambo ya mfereji, mtengeneza jibini, mwenye ulimi mkali kuliko wangu, na hilo si jambo dogo. Mumewe wa kwanza alikufa kwa saratani ya ini. Ndiyo maana posa ilipopelekwa, kaka yake mkubwa, Zaghluli, hakuuliza habari za shamba wala dhahabu.

"Dada yetu amemuuguza mmoja mpaka tumbo likavimba kama ngoma," alisema. "Hatamuuguza wa pili. Haji, lete alfa yako, na majibu nitayafuata mwenyewe."

Huku kwetu hakuna asiyejua alfa. Ni kipimo cha damu. Ini likianza kuotesha uvimbe mbaya, mara nyingi alfa hupanda kwenye damu kabla mtu hajasikia maumivu, wakati bado kuna kitu cha kukata na mtu wa kumkata. Wazee wetu walidungwa sindano za kichocho walipokuwa wanafunzi, sindano moja darasa zima, wakarudi nyumbani na virusi vya ini bila kujua. Juzijuzi ikapita kampeni ya kupima na kugawa vidonge, na wengi wakapona. Haji naye alimeza, akapona, akawa anatembea kifua mbele. Daktari Bahija wa zahanati yetu akamwambia nikiwepo, "Haji, virusi vimeondoka, makovu ya ini yamebaki. Kila baada ya miezi sita njoo upime alfa na upigwe picha ya tumbo. Usinikimbie." Alimkimbia kuanzia siku hiyo hiyo. Mtu wa huku akishaambiwa amepona, ukimtajia kipimo tena anaona unamwombea mabaya.

Sasa posa ikamkaba koo. Alikuwa anakula mkate wa fatiri kwa asali, ametandaza miguu, mimi nakusanya vyombo, akamwita mwanawe.

"Wajdi."

"Naam, baba."

"Kesho nenda maabara ya mjini. Nimeshawapigia simu, jina langu wamelipokea. Wewe peleka mkono tu."

"Mkono wangu, baba?"

"Sasa wa nani? Wa mama Rida?" Mama Rida ndiye mimi. "Wewe hujawahi kuwa wa manjano tangu uzaliwe. Damu yako safi kama maziwa ya nyati wetu wa zizini."

Nikadakia. "Haji, huo si udanganyifu? Na hao watu si watamwona Wajdi si mzee?"

"Maabara hawaangalii sura, wanaangalia mshipa. Lete chai."

Wajdi wangu anabeba ndama begani. Ni fundi vigae, ana mabega kama mlango wa msikiti, lakini mbele ya baba yake anakuwa paka aliyelowa. Kampeni ilipopita kijijini yeye alikuwa Libya anabandika vigae vya watu, kwa hiyo hakupimwa. Aliporudi hakuna aliyemuuliza, maana hakuwa wa manjano. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa mfereji. Tunadhani ugonjwa wa ini lazima uje umejipaka rangi. Akaenda, akatoa damu, wakaandika jina la Haji.

Majibu yalipotoka Zaghluli aliyafuata kama alivyoahidi, akaja nayo akipiga kelele tangu langoni.

"Mia sita! Ya mtu mwenye afya haifiki hata kumi, yako mia sita! Ulitaka dada yetu akushonee sanda, Haji? Hukuona haya?"

Zaghluli akatema mate pembeni, akaondoka. Mlango ulipofungwa tu, Haji akamgeukia mwanawe.

"Umenifanyia nini wewe?"

"Baba, nimetoa damu tu."

"Ulikula nini kabla? Ulivuta nini? Ng'ombe wewe, umeniharibia ndoa!" Akavua kiatu, akamrushia. Kilimpiga kifuani na Wajdi akakiokota, wallahi, akakiokota na kumrudishia.

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia. "Haji," nikasema, "hiyo damu ni ya nani?"

"Nyamaza."

"Nakuuliza, ni ya nani?"

Haji si mjinga. Nililiona jambo lile likimfika usoni, na nikamwona akilisukuma mbali kwa mikono miwili. Anaweza kukana mengine yote, lakini hilo nililiona kwa macho yangu. Alisema, "Maabara imekosea," akaingia chumbani.

Kesho yake alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Alikwenda na Zaghluli mwenyewe, akakunja kanzu mbele yake, akatoa damu yake. Ikatoka nne. Safi! Zaghluli akamkumbatia, akaomba radhi, akasema kweli maabara za siku hizi hazina maana. Wakapanga ndoa baada ya mavuno ya mpunga. Haji akarudi nyumbani anapiga mluzi, mtu aliyekuwa anasema mluzi unaita mashetani.

Nilimfuata chini. Nilikwenda kwa adabu, mnaweza kumuuliza. "Haji, hongera. Sasa Wajdi aende lini?"

"Aende wapi?"

"Mansura. Akapigwe picha ya ini."

"Nimekwambia maabara ilikosea."

"Haikukosea. Ya kwako wewe imetoka sawa. Ile ya kwanza ni yake."

Akaangalia mlango, kisha akaniinamia. "Sikiliza, mwanamke. Akienda sasa hivi, ikatoka mia sita nyingine, hata punda wa Zaghluli atajumlisha. Nitachekwa mpaka Tanta. Tumalize harusi kwanza. Baada ya harusi nitampeleka mwenyewe, kwa gari la kukodi."

"Na uvimbe utasubiri harusi?"

"Uvimbe gani? Nani ametaja uvimbe? Unamtakia mwanangu kifo!"

"Mimi? Mimi ndiye ninayemtakia?" Sauti ilinitoka mpaka njiwa wa Wajdi kule darini wakaruka. "Wewe umejua mwanao anaumwa na unakwenda kushona kanzu mpya!"

"Toka kwangu."

Nilitoka, nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Bahija. Alinisikiliza mpaka mwisho huku kalamu imesimama hewani.

"Daktari, akikataa kuja, naweza kukuletea damu yake kwenye chupa?"

"Utaitoaje, mama Rida? Umnyonye usingizini kama mbu?"

Nikaanza kulia, naye akaacha mzaha. "Tazama," akasema. "Alfa ni mbwa wa mlangoni. Kuna siku anabwekea upepo. Kuna siku mwizi anapita yeye amelala, na ndiyo maana baba mkwe wako naye asijidanganye na nne yake, picha anaihitaji vilevile. Lakini mbwa akibweka namna hii, mwenye nyumba anatoka na taa. Mlete mumeo. Leo huenda ni kitu cha kukatwa kikaisha. Mkichelewa, mimi sitakuwa na la kufanya ila kumpunguzia maumivu."

Maneno hayo nikayabeba kama yalivyo mpaka darini kwetu, Wajdi alikokuwa akilisha njiwa wake.

"Baada ya harusi," akasema, hata hakugeuka.

"Amesema nani?"

"Baba."

"Na mimi nimesema leo. Daktari amesema leo. Rida anasoma darasa la tatu, Wajdi, nani atamlea, njiwa?"

"Siumwi popote, Tafida. Nina nguvu. Jana nimepandisha saruji mpaka ghorofa ya nne."

"Ndivyo ulivyo ugonjwa wenyewe! Ukianza kukuuma ndipo umeisha!"

"Sijawahi kumkatalia baba kitu. Anaoa mara moja, baada ya mama. Nisimwaibishe."

"Anza leo kumkatalia."

Akachota mtama, akawamwagia njiwa. Nilitamani kumsukuma kutoka darini, kisha nikakumbuka kwamba namtaka hai. Nikamwambia alale hukohuko na njiwa wake, na alilala.

Siku moja nilifanikiwa kumpandisha bajaji. Nilimdanganya tunakwenda kumwona mama yangu. Tulipofika darajani akatambua njia, na kabla hajasema kitu simu yake ikalia. Alikuwa Haji, sijui nani alimwambia. Wajdi akasikiliza, akasema "Ndiyo, baba," akamgusa dereva begani asimame. Akashuka. Alirudi nyumbani kwa miguu kando ya mfereji, na mimi nikabaki ndani ya bajaji nikimtukana mbele ya dereva, matusi ambayo sikujua kwamba nayajua.

Mpunga ukavunwa, makapi yakachomwa, na moshi ukatuwasha macho wote. Siku ya harusi ikafika.

Ilifanyika kwa Zaghluli. Wanaume barazani, wanawake chumba cha ndani, sinia za sharubati zikipita, Daktari Bahija naye amealikwa, ameketi kwenye kochi na mkoba wake wa kazi miguuni kwa sababu alitoka kuzalisha. Inshirahi alikuwa amevaa gauni la zambarau, amepakwa wanja, amekaa kama mtu anayesubiri kununua ng'ombe. Nikamwendea.

"Bibi Inshirahi, nina neno."

"Liseme."

"Ile alfa ya mia sita haikuwa kosa la maabara. Ilikuwa damu ya mume wangu. Haji alimtuma atoe kwa jina lake, na sasa anamzuia asiende hospitali mpaka akuoe wewe."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka mtandio. "Unaogopa shamba."

"Shamba gani?"

"La Haji. Unaogopa nitamzalia mgawanye."

"Umzalie na umri huo?"

Jamani! Mdomo wangu. Chumba kizima kikasema "Ee!" Mmoja akamwaga sharubati. Daktari Bahija akafumba macho kabisa.

"Toka," akasema Inshirahi. Hakupaza sauti. "Toka nyumbani kwetu kabla sijakutoa kwa nywele."

Nikatoka, lakini sikutokea mlango wa nje. Nilikwenda barazani kwa wanaume. Shehe alikuwa amefungua kitabu chake cha ndoa. Haji na Zaghluli wameketi magoti yanagusana, wamepeana mkono wa kulia, na juu ya mikono yao kitambaa cheupe kinachowekwa ndoa ikifungwa. Nikapita katikati ya wanaume wote wale na kukivuta.

"Hii ndoa ni ya uongo," nikasema. "Damu ya kwanza ilikuwa ya Wajdi. Haji anajua. Anajua mwanawe ana kitu kwenye ini na anasubiri kula pilau kwanza."

Baraza likavurugika. Mmoja akasema nimerogwa, mwingine akasema nitolewe. Haji hakuinuka. Alikuwa mtulivu sana, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Wajdi," akaita. "Simama."

Wajdi akasimama pale kwa vijana wenzake.

"Mbele ya shehe na hawa watu. Mimi nilikutuma ukatoe damu kwa jina langu?"

Wajdi akanitazama. Nilimwashiria kwa kichwa aseme ndiyo, nikamwomba kwa macho, nikamwita kwa macho yangu yote mawili. Yeye akainamisha uso.

"Hapana, baba," akasema.

Sijui niwaelezeje. Sikuumia kwa ajili ya aibu, aibu nimeizoea. Niliona mtu anauza uhai wake mwenyewe, na mimi na mtoto wetu tukiwemo ndani ya bei, na anauza kwa sauti ya upole kana kwamba anampisha mtu kiti.

"Mchukue mkeo," Haji akasema.

Wajdi akaja kunishika mkono. Hapo ndipo nilipomwona Inshirahi mlangoni. Alikuwa amenifuata, nadhani alikuja kunipiga, maana bangili alikuwa ameshazivua. Lakini hakunigusa. Alimkamata Wajdi kifundo cha mkono, akageuza kiganja juu.

"Umepaka hina?" akamuuliza.

"Hapana, mama."

"Mbona viganja ni vyekundu?"

Tukatazama sote. Viganja vyake vilikuwa vyekundu kuzunguka, pembeni mwa vidole na chini ya kidole gumba. Miaka yote nimeviona na nikadhani ni saruji. Inshirahi alivipitishia kidole kimoja.

"Marehemu alikuwa navyo hivi hivi," akasema. "Nilikuwa namtania ananiibia hina." Akakiacha kile kiganja, akamgeukia shehe. "Shehe, mahari ni ya nani? Yangu au ya kaka zangu?"

"Ni yako, binti yangu."

"Na naruhusiwa kubadili?"

"Maadamu hatujaandika, ndiyo."

"Basi Haji aichukue dhahabu yake. Mahari yangu ni damu ya huyu. Itolewe sasa hivi, mbele ya macho yangu, na iandikwe jina lake."

Zaghluli akaruka. "Inshirahi, una wazimu? Mahari ya damu?"

"Kaa chini! Wewe ndiye uliyetaka alfa, mimi nataka ya pili. Kuna tatizo?"

Shehe akakohoa, akasema yeye amekuja kuandika ndoa na mambo ya damu hakuyasomea, akafunga kitabu na kuweka kalamu juu yake. Macho yote yakamgeukia Haji. Nilimwona amenaswa. Akikataa, amekiri. Akikubali, kesho kutwa amekiri pia, lakini kesho kutwa ni mbali, na watu wapo hapa leo.

"Mtoeni damu," akasema. "Mtoeni hata ndoo nzima. Hatuna la kuficha."

Daktari Bahija alikuwa ameshafika na mkoba. Akamwambia Wajdi aketi na akunje mkono wa shati. Na mnajua mume wangu alifanya nini? Akamtazama baba yake kwanza. Alisubiri mpaka Haji akaitikia kwa kichwa, ndipo akakunja. Alitolewa damu kwenye kochi la harusi, katikati ya sinia za sharubati, Inshirahi amesimama juu yake kama askari, na Daktari akaandika kwenye kichupa, kwa herufi kubwa, Wajdi Shawadfi.

Ikatoka mia saba na ushee.

Ndoa haikufungwa. Zaghluli alikuja tena langoni kwetu, safari hii hakupiga kelele. "Ungeniambia tu kwamba unaogopa, Haji, ningekuelewa," akasema. "Sote tunaogopa. Lakini ulimjua mwanao mgonjwa, ukamwambia asubiri ucheze ngoma." Haji akamfungia mlango. Alikaa ndani siku nyingi, chakula chake nikimwekea ngazini bila salamu, na yeye akila bila shukrani.

Mansura walimpiga Wajdi picha, wakamtia dawa mshipani na kumpiga nyingine. Wakaukuta uvimbe. Ulikuwa mmoja tu, mkubwa kama zeituni, pembeni kabisa mwa ini, na virusi vilikuwemo tele, virusi ambavyo hakuna aliyevitafuta. Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mkavu, asiyecheka.

"Ini limeanza makovu, lakini bado lina nguvu," akasema. "Tunaukata, kisha anameza vidonge vya virusi, kisha kipimo kila mara maisha yake yote. Mngekuja baada ya mwaka, ningewarudisha nyumbani. Leteni ndugu watoe damu."

Zaghluli na ndugu zake wakaja kutoa. Hakuna aliyewaita. Walisema Inshirahi amewaambia wasipokwenda wasitegemee jibini. Walikuwa wamejipanga ukutani, mikono imekunjwa, nikamwona Haji Shawadfi anaingia ukumbini amevaa ile kanzu aliyoshonea harusi. Hakunitazama. Alipanga foleni nyuma ya mtu wa mwisho, na zamu yake ilipofika akaketi na kupandisha mkono wa kanzu mpaka begani.

Msichana wa mezani alikuwa na sauti kama ya mwadhini. "Haji, umewahi kuwa na virusi vya ini?"

Ukumbi mzima ulisikia. Zaghluli alisikia. Mimi nilikuwa nautazama mdomo wa yule mzee, na niseme kweli, nilikuwa nausubiri uongo wake kama mtu anavyomsubiri panya kwenye shimo, nimrukie.

"Nimewahi," akasema.

"Basi hatuwezi kuchukua."

"Nimepona. Nimemeza vidonge, muulize Daktari Bahija, ini langu limetoka nne."

"Hata ukipona, Haji. Ndiyo sheria."

"Ni mwanangu yuko mle ndani."

"Pole sana. Anayefuata."

Hakuondoka. Alibaki amekaa na mkono uko wazi, mshipa umemsimama, watu wanampita huku na huku. Nilikuwa nimeota siku ya kumwona amefedheheka, na siku ndiyo hiyo, ila sikusikia utamu wowote. Wala sikumwonea huruma, msinielewe vibaya. Nilimvutia kiti pembeni asiwe njiani, nikaenda zangu kukaa mlangoni kwa chumba cha upasuaji.

Walimtoa jioni. Yule daktari mkavu akasema wameukata wote na kingo za pale walipokata ni safi. Niliketi sakafuni palepale, na mama mmoja nisiyemjua akanipa maji.

Wajdi alipofumbua macho alikuwa wa kijivu, na midomo imepasuka. Nikamwinamia. Nilikuwa nimejiandaa kusikia jina langu, au la Rida, au hata la Mungu.

"Baba yuko wapi?" akauliza.

Haki ya Mungu, kama asingekuwa ameshonwa tumbo zima, ningemzaba kofi.

"Yuko nje. Alitaka kukutolea damu, wakamkataa."

Akafikiri kidogo. "Amekasirika?"

"Aliyekasirika ni mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Ulisema 'Hapana, baba.' Nimesimama mbele ya wanaume wa vijiji viwili, nimeacha haya zangu mlangoni nikuombee uhai, na wewe ukasema 'Hapana, baba.' Ukaniacha mwongo. Ulikuwa tayari kufa, Wajdi, mradi tu mzee asinune."

Machozi yakamtoka, yakateremkia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali na hawezi kuinua mkono. Nikayafuta kwa ncha ya mtandio wangu, si kwa upole sana.

"Utakasirika mpaka lini?" akaniuliza.

Nikamvutia shuka mpaka kifuani, nikalibana pembeni asipigwe na baridi.

"Ishi uone," nikamwambia.